Nyumba mpya kwenye hifadhi ya mandhari Uingereza: anza na njia ya wapita kwa miguu

Wiki haipiti bila mtu kunipigia, “bwana nina ekari tatu zangu kule vilima vya Cotswolds, nataka nijenge kanyumba, shida iko wapi si ni changu?” Ni chako ndio. Ila tangu sheria ya mipango ya 1947, huku kumiliki ardhi ni jambo moja na haki ya kuijenga ni jambo lingine, hiyo unaenda kuiomba halmashauri. Na ukiwa ndani ya yale maeneo ya mandhari ya hifadhi, yale waliyoyabadilisha jina 2023 yakawa National Landscapes, jibu la kuanzia ni hapana.

Kwa nyumba iliyojitenga na kijiji, mlango ambao wengi wanaugonga ni aya ya 84 ya sera ya taifa ya mipango. Wazee wa kazi hii bado wanaiita 55, maana 2012 ilikuwa 55, ikawa 79, ikawa 80, wanaihamisha hamisha kama mpangaji asiyelipa kodi. Aya yenyewe inaruhusu visa vichache tu: kuna mfanyakazi wa shamba anayelazimika kulala pale pale, kuna jengo la zamani linalofufuliwa, halafu kuna hii inayopendwa na kila mtu, nyumba yenye usanifu wa hali ya juu kabisa. Zamani hata ubunifu peke yake ungeweza kukupitisha, 2021 wakalifuta hilo.

Sasa watu wakisikia “hali ya juu” wanakimbilia kwa msanifu awachoree kitu cha ajabu, vioo juu mpaka chini, na sentensi yenyewe hawajaimaliza kusoma, kwa sababu inaendelea kusema nyumba iboreshe kwa kiasi kikubwa mahali inaposimama na iheshimu tabia ya eneo lile. Hapo ndo wengi wanaangukia. Vile vioo, mi navionaga usiku: bonde lote giza, halafu sanduku moja linawaka kama stendi ya mabasi.

Kwa hiyo mteja akija na mchoro tayari namwambia aukunje kwanza. Tunaenda saiti na nguzo nne ndefu, tunazisimika kwenye kona nyumba itakapokaa, juu ya kila moja tunafunga kitambaa chekundu kwenye usawa wa paa. Kisha tunatembea njia yote ya wapita kwa miguu, maana afisa mipango naye atasimama huko huko. Kuna mama mmoja alikuwa king'ang'anizi, anataka nyumba juu kilimani apate view, tukapanda hadi kwenye geti la malisho, vile vitambaa vinapepea juu ya kila kitu kama bendera za kampeni! Akacheka mwenyewe. Tukaishusha mita 12 chini, nyuma ya ua wa miti, vikapotea vyote.

Eti banda la ng'ombe unaligeuza nyumba bila maombi kamili? Kweli kabisa, ila hiyo ni nje ya hifadhi, ndani ya hifadhi hizi na mbuga za taifa haki hiyo haipo. Na kama ardhi iko kwenye Green Belt, ule ukanda wa kijani unaozuia miji kutanuka, jiandae, huo ni mtihani mwingine juu ya huu.

Popo nao, ambao sheria inawalinda, wana kalenda yao, kuwahesabu wakitoka jioni ni Mei mpaka Septemba, ukinipigia Oktoba na kuna jengo la kubomoa basi tutaonana mwakani. Na tafadhali usikate ua wala miti kabla sijafika. Mmoja alinisafishia saiti yote kwa nia njema, tukabaki na uwanja mweupe, tukaanza kuomba kibali huku tunapanda upya kile kile ambacho kingeificha nyumba.

Wiki 8 za uamuzi ni za kwenye karatasi, wataomba kuongezewa, wakubalie. Wakikataa una miezi 6 ya kukata rufaa, lakini kwanza kaisome ile ripoti ya afisa, mara nyingi paa hajaligusa kabisa, analalamikia barabara ya kuingilia.