Vita vya Kagera: Tunavyovisimulia na Vilivyokuwa

Hotuba ya Mwalimu Nyerere ya tarehe 2 Novemba 1978 naipenda. Hata kijana aliyezaliwa miaka thelathini baadaye anaweza kukutajia uwezo, sababu na nia ya kumpiga Idi Amin, mtawala wa Uganda, tena kwa sauti ile ile ya Mwalimu. Ila vita vilivyofuata hotuba hiyo vilidumu hadi Juni 1979, vikavuka nchi nzima ya watu wengine, na humo katikati mna mambo ambayo simulizi zetu huyaruka au huyapindua. Nimeyasikia vijiweni, kwenye daladala, hata kwa walimu wa historia. Naandika kwa sababu wazee waliokuwapo wanazidi kutuaga. Jenerali David Musuguri, aliyeongoza majeshi yetu ndani ya Uganda, alifariki Oktoba 2024 akiwa na zaidi ya miaka mia.

"Amin aliuteka Mkoa wa Kagera"

Kwanza, mwaka 1978 mkoa wenye jina hilo haukuwapo. Ulikuwa ukiitwa Ziwa Magharibi, na uliitwa Kagera mwaka 1979 baada ya vita. Jina tunalolitumia leo lenyewe ni kumbukumbu ya vita.

Pili, majeshi ya Amin hayakufika Bukoba. Walichokiteka ni ardhi iliyo kaskazini mwa Mto Kagera, kama kilomita za mraba 1,800 hivi, kuanzia Mutukula mpakani hadi Kyaka penye daraja. Ili uelewe kwa nini pale, tazama ramani. Waingereza na Wajerumani walipogawana mwaka 1890, hawakuufuata mto. Walipiga mstari ulionyooka kwenye nyuzi 1 kusini mwa Ikweta. Mto unapita kusini ya mstari huo, kwa hiyo kukabaki kipande cha Tanzania ng'ambo ya mto, chenye daraja moja kubwa tu la kukiunganisha na nchi yake. Amin alidai mpaka wa haki ni mto wenyewe. Tarehe 1 Novemba alitangaza kwamba eneo hilo sasa ni la Uganda, na redio yake ikajigamba kuwa limetekwa kwa dakika 25. Siku mbili baadaye daraja la Kyaka likalipuliwa ili JWTZ, yaani jeshi letu, wasivuke.

"Tulikuwa tumejiandaa, tukamsubiri"

Hapana. Eneo lile lilikuwa karibu wazi. Kikosi kikubwa kilichopaswa kulinda upande ule wa nchi kilikuwa na makao yake Tabora, mamia ya kilomita kutoka mpakani, na taarifa za wanakijiji kwamba askari wa Uganda wanavuka hazikupewa uzito uliostahili. Isitoshe, kulikuwa na wanajeshi wetu Msumbiji ambao ilibidi warudishwe. Watu wa Missenyi, yaani eneo hilo la ng'ambo ya mto, waliachwa wakimbie wenyewe, kwa miguu na kwa mitumbwi.

Kilichofuata ndicho kinachostahili sifa. Ndani ya wiki chache malori na mabasi ya mashirika ya umma na ya watu binafsi yalikusanywa, treni zikabeba vifaru na mizinga kwenda ziwani, na mgambo kwa makumi ya maelfu wakaitwa: wakulima, walimu, vijana wa Jeshi la Kujenga Taifa. Mafundi walitandika daraja la muda kwenye mto. Kufikia mwanzoni mwa Januari 1979 ardhi yote ilikuwa imerudi mikononi mwetu. Nchi maskini iliyoshtukizwa ikajipanga kwa kasi ile: mimi naona hilo ni kubwa kuliko hadithi ya kwamba tulikuwa tayari.

"Amin alivamia kwa sababu alikuwa kichaa"

Neno "nduli" lilitosha wakati wa vita, lakini halielezi kitu. Amin alipindua serikali ya Milton Obote tarehe 25 Januari 1971, Obote akiwa Singapore kwenye mkutano wa Jumuiya ya Madola. Obote akapewa hifadhi Dar es Salaam. Septemba 1972 wapiganaji wake waliingia Uganda kutokea Tanzania wakashindwa vibaya, na ndege za Amin zikapiga Bukoba na Mwanza. Mkataba wa Mogadishu wa Oktoba mwaka huo ulizima moto, haukuondoa kuni.

Kufikia 1978 utawala wake ulikuwa unameguka kutoka ndani. Makamu wake, Mustafa Adrisi, alijeruhiwa Aprili kwenye ajali ya gari ambayo wafuasi wake hawakuamini kuwa ni ajali, na watu wake wakaanza kuondolewa madarakani. Vikosi vikaanza kuasi, Batalioni ya Simba ya Mbarara ikiwa miongoni mwao. Uchumi ulikuwa umekufa tangu alipowafukuza Waasia mwaka 1972. Kiongozi aliye katika hali hiyo huwapa askari wake adui wa nje na ruhusa ya kupora. Lilikuwa kosa kubwa la hesabu, lakini ni hesabu ambayo watawala wengi wenye akili timamu wamewahi kuipiga.

"Mwalimu alikwenda Kampala ili kumrudisha Obote"

Hii husemwa zaidi Uganda, na haina budi kujibiwa kwa uangalifu kwa sababu ina chembe ya ukweli.

Kwanza, safari ya Kampala haikuwa kwenye mpango wa mwanzo. Tulipokwisha kurudisha ardhi yetu, Mwalimu aliutaka Umoja wa Nchi Huru za Afrika umlaani Amin, naye Amin aache madai yake na alipe fidia. Umoja ukanyamaza, ukataka suluhu. Januari 1979 JWTZ wakavuka na kuitwaa Mutukula, kisha mwishoni mwa Februari Masaka na Mbarara. Hapo ndipo ilipotarajiwa kusimama. Kazi ya kumwondoa Amin ilikusudiwa kuwa ya Waganda wenyewe.

Halafu Muammar Gaddafi akaingia. Aliipa Tanzania saa 24 iondoke Uganda, na tayari alikuwa ameanza kupeleka askari, silaha na vifaru kumwokoa Amin. Baada ya hapo kusimama njiani kulimaanisha kumwachia Amin aliyepewa nguvu mpya.

Pili, wapinzani wa Amin walipokutana Moshi tarehe 24 hadi 26 Machi 1979, Obote hakuhudhuria, kwa ushauri wa Mwalimu mwenyewe, kwa kuwa kuwapo kwake kungelivunja kikao. Aliyechaguliwa kuongoza ni Yusuf Lule, akaapishwa Aprili 13. Lakini Lule hakumaliza hata siku 70. Akaja Godfrey Binaisa, naye akaondolewa Mei 1980, na Desemba mwaka huo Obote akarudi Ikulu kwa uchaguzi unaobishaniwa hadi leo. Yote hayo yalitokea huku majeshi yetu yakiwa bado Uganda. Kwa hiyo Mganda anayeuliza swali hilo si mchochezi. Vita havikuanzishwa kwa ajili ya Obote, ila mwishowe yeye ndiye aliyevuna.

"JWTZ hawakurudi nyuma hata hatua moja"

Huu ndio upotoshaji unaoniuma zaidi, maana unawanyima haki yao wale wale tunaodhani tunawasifu.

Nenda Lukaya, mji mdogo kwenye barabara ya Masaka kwenda Kampala, mahali barabara inapokatiza bwawa refu la matete. Tarehe 10 Machi 1979 Brigedi ya 201 ilifika pale. Wengi wao walikuwa mgambo, watu waliokuwa wameshika jembe miezi michache nyuma. Walikutana na Walibya wakiwa na vifaru na mizinga ya roketi, pamoja na askari wa Amin. Roketi zilipoanza kunguruma juu ya vichwa vyao, brigedi ilivunjika, watu wakakimbilia bwawani na porini. Kwa saa kadhaa njia ya kurudi Masaka ilikuwa wazi kwa adui.

Walibya hawakuitumia nafasi hiyo. Walisimama. Usiku ule Musuguri aliiamuru Brigedi ya 208, ya Brigedia Mwita Marwa, iliyokuwa imekwenda mbali kaskazini-magharibi, igeuke na kukata njia ya Kampala nyuma ya adui. Waliobaki wa 201 wakakusanywa tena gizani. Alfajiri ya tarehe 11 adui akapigwa kutoka pande mbili. Zaidi ya Walibya 200 walikufa pale, na pamoja nao askari wengi wa Uganda. Baada ya Lukaya jeshi la Amin halikupigana tena vita kubwa ya maana.

Fikiria yule mgambo aliyekimbia Jumamosi jioni, akalala matopeni, na Jumapili alfajiri akaokota bunduki yake akarudi barabarani. Mimi naona huyo ni shujaa mkubwa kuliko askari wa hadithi asiyejua hofu.

Na kwa kuwa tunasema ukweli, tuuseme wote. Mutukula ilisawazishwa kwa matingatinga, na raia waliuawa. Habari hizo zilimhuzunisha Mwalimu, naye akaagiza raia wasiguswe tena. Hata hivyo Masaka na Mbarara zilibomolewa majengo kwa baruti, kulipiza yaliyotendeka Kagera. Wazee wa Masaka wanayakumbuka magofu hayo, kama wazee wa Kyaka wanavyoyakumbuka ya kwao.

"Vilikuwa vita vya Waislamu na Wakristo"

Gaddafi alitaka vionekane hivyo. Mkuu wa Majeshi ya Tanzania alikuwa Jenerali Abdallah Twalipo. Makamu wa Rais alikuwa Aboud Jumbe. Katika mahandaki ya JWTZ waliswali Waislamu na walisali Wakristo, tena kwenye handaki moja.

"Afrika nzima ilikuwa nyuma yetu"

Msumbiji ilituma batalioni. Nchi chache, Zambia na Angola zikiwamo, zilimlaani Amin waziwazi. Wengine walikaa kimya, na kwenye mkutano wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika mjini Monrovia Julai 1979, Nimeiry wa Sudan na Obasanjo wa Nigeria waliishutumu Tanzania kwa kuingilia nchi nyingine. Kenya ilijitangaza kuwa haina upande, na mpaka wetu nayo ulikuwa umefungwa tangu 1977. Hakuna aliyetusaidia kulipa gharama.

"Kampala ilipoanguka vita viliisha"

Entebbe ilianguka Aprili 7, Kampala Aprili 11. David Oyite-Ojok, Mganda, ndiye aliyetangaza redioni kwamba utawala wa Amin umekwisha, na sauti hiyo imewafanya baadhi ya Waganda waamini kwamba ni wapiganaji wao walioongoza. Wapiganaji wa Obote na wa Yoweri Museveni walikuwapo, walijua njia, lugha na watu, na msaada wao ulikuwa mkubwa. Lakini walikuwa wachache mno wakilinganishwa na Watanzania zaidi ya 40,000. Kwetu nako tuna kosa la kinyume chake: tunasimulia kana kwamba hapakuwa na Mganda hata mmoja.

Baada ya Kampala kulibaki nusu ya nchi. Jinja ilichukuliwa kabla bwawa la umeme la Owen Falls halijaharibiwa. Kisha kaskazini, Lira, Gulu, Arua, hadi mpaka wa Sudan mnamo Juni 3. Wengi wa askari hao walitembea. Kutoka Mto Kagera hadi ukingo wa Sudan, kwa buti zilizochoka, wakibeba mizigo yao mgongoni, katika msimu wa mvua. Wengine walikaa Uganda hadi 1981. Amin hakukamatwa. Alikimbilia Libya kisha Saudi Arabia, akafa Jeddah tarehe 16 Agosti 2003, kitandani.

"Umaskini wetu wote wa miaka ya themanini uliletwa na vita"

Mwalimu aliwaomba wananchi wafunge mkanda kwa miezi 18. Mkanda haukulegea kwa miaka mingi: foleni za sukari, za sabuni, za vitenge. Vita vilimeza fedha za kigeni, malori na vipuri, na hasara yake ni ya kweli. Ila Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imevunjika mwaka 1977, bei ya kahawa ilikuwa imeshuka, bei ya mafuta ikapanda mara mbili na zaidi mwaka 1979, na mashirika mengi ya umma yalikuwa yakiendeshwa kwa hasara kabla risasi ya kwanza haijalia. Kuvitupia vita lawama yote kuliwafaa wengi ofisini.

"Waliokufa ni askari"

Inakadiriwa kwamba raia 1,500 waliuawa kaskazini mwa Mto Kagera katika zile wiki chache za mwaka 1978, na makumi ya maelfu walikimbia makwao. Wanawake walibakwa. Maelfu ya ng'ombe walivushwa mpaka, kiwanda cha sukari kiliporwa mashine, mabati ya nyumba yalibanduliwa yakapakiwa kwenye malori. Waliporudi, watu wa Missenyi walikuta mashamba ya migomba yamegeuka vichaka, na mabomu ya ardhini yamefukiwa njiani wanapopita kwenda kuchota maji.

Askari wetu wana makaburi yao ya heshima Kaboya, wilayani Muleba, na viongozi huenda kuweka mashada. Raia wale hawana orodha ya majina iliyochongwa popote ninapopajua. Pale Kyaka, kando ya barabara, bado kuna gofu la kanisa lililopigwa mwaka ule. Kuta zimesimama, paa hakuna.