Miezi mitatu ya nani?

Wiki hii tena. Afisa utumishi wa kampuni moja ya mtaa wa Posta, hapa Dar, kanipigia mimi mwalimu wa wanaohamia ugenini, kuhusu kijana wao waliyempeleka Hamburg, Ujerumani: hapati usingizi, hacheki, kazi inasuasua. Nikamwuliza ana muda gani huko.

"Mwezi wa pili, mwalimu. Tumpe miezi mitatu, si ndiyo kipindi chenyewe? Atazoea tu."

Jamani! Hii miezi mitatu nimeikuta Masaki kwa wageni wanaoingia, nimeikuta kwa wauguzi wanaojiandaa kuondoka, na kila anayeitaja anaitaja kama dozi ya malaria.

Imetokana na ule mchoro wa herufi U wa kwenye semina, unaodai kuonyesha hali ya mtu ugenini: kwanza furaha ya ugeni, yaani fungate, kisha kushuka, kisha kupanda. Sasa msomeni mwanasosholojia Sverre Lysgaard, 1955, ambaye wazo lenyewe linaanzia kwake. Alihoji Wanorwe 200 waliokwisharudi kutoka Marekani. Waliokaa chini ya miezi 6 walikuwa salama, waliozidisha miezi 18 salama pia. Wa katikati ndio waliotaabika. Hiyo mitatu haimo. Tena hao ni watu tofauti waliokaa muda tofauti. Hakuna aliyefuatwa tangu anatua mpaka anazoea. Mwanasaikolojia Colleen Ward na wenzake walipowafuatilia kweli wanafunzi wa Kijapani kule New Zealand, wakachapisha 1998, waliwakuta na hali mbaya zaidi mwanzoni kabisa, pale ambapo mchoro unadai wako fungate. Mwanaanthropolojia Kalervo Oberg naye, 1960, aliandika kwamba fungate yaweza kuwa siku chache, wiki kadhaa au hata miezi 6. Kalenda tumeiweka sisi.

Ila kinachonikera zaidi si hesabu. Ni kudhani kuzoea ni kitu kimoja. Kujua kuishi mahali ni jambo moja, kujisikia vizuri mahali hapo ni jambo jingine, na si lazima viongozane. Nilimfundisha mhandisi mgeni hapa Dar. Asubuhi haanzi na faili. Anaanza na habari za nyumbani, watoto, foleni ya Mwenge. Wazee wa kazini anawaamkia shikamoo bila kukumbushwa. Yumo kwenye magrupu ya WhatsApp ya michango: ya harusi anatoa, ya msiba anatoa na anakwenda, anakaa mkekani na wanaume wenzake mpaka muda wa maziko. Ofisi nzima inasema huyu ameshakuwa Mbongo. Jioni anafunga mlango, anakula mkate mkavu amesimama jikoni, simu kaizima. Nani atamwuliza, wakati mitihani yote anafaulu?

Upande wa pili nina dereva wetu, Mtanzania aliyeko Muscat, Oman. Kiarabu chake ni cha kuombea maji, taratibu nusu hazijui mpaka leo. Lakini majirani zake wana asili ya Unguja, jioni wanapiga soga kwa Kiswahili. Analala fofofo.

Na huyo wa Hamburg alitua Oktoba. Desemba kule jua linazama saa kumi jioni. Mwezi wake wa tatu ni Januari, baridi ndiyo kwanza inakolea, halafu sisi tunamsubiri achanue! Angekwenda Aprili, huenda tungekuwa tunausifu mchoro.

Mafunzo ya kabla ya safari, ambayo ndiyo yananilisha, nayo sina hakika yanasaidia kiasi gani. Wanaofanya vizuri pengine wangefanya vizuri bila mimi. Wateja hawaulizi, nami siwakumbushi.

Nilimwambia afisa apige simu leo. Asiulize "unaendeleaje", maana Mtanzania atajibu namshukuru Mungu na mazungumzo yameisha. Kazi aiulize kivyake. Usingizi na chakula kivyake. Jumapili alikula na nani. Akisikia kijana halali wiki nenda wiki rudi, amtafutie daktari, asimtafutie semina. Na bosi wake asiwepo kwenye simu hiyo.