Asilimia nne ya nini?

Msimu wa marathoni ukianza, sentensi moja hurudi kuhusu viatu vya mbio vya kisasa, vile vya soli nene yenye bamba la kaboni vilivyoanza na Vaporfly ya Nike: "Kiatu hiki kinaongeza kasi kwa asilimia nne, utafiti umethibitisha." Watangazaji wanaisema, wauza viatu wanaisema, na siku hizi hata makocha wanaisema, watu ambao wangeweza kuikanusha kwa saa waliyovaa mkononi. Utafiti wenyewe upo, tena ni mzuri. Ila ulichothibitisha si hicho.

Kilichopimwa ni gharama ya mbio: kiasi cha nishati ambacho mwili unatumia kukimbia kwa kasi fulani isiyobadilika. Wataalamu wa michezo wanaita uchumi wa mbio. Wakimbiaji wawili wakienda kilomita 16 kwa saa, anayetumia nishati kidogo ndiye mwenye uchumi bora. Maana yake ni hiyo tu, haina mafumbo. Bodaboda iliyopunguza ulaji wa mafuta kwa asilimia nne haijaongezewa spidi kwa asilimia nne. Mafuta yaliyookolewa unaweza kuyageuza mwendo, ndiyo, lakini kwa kiwango kingine kabisa.

Tupige hesabu kidogo. Mwaka 2014 Dennis Kimetto alikimbia Berlin kwa saa 2:02:57, ikawa rekodi ya dunia. Ukiiongeza kasi yake kwa asilimia nne unapata saa 1:58:13. Viatu vya kizazi kipya vilipokuja, Eliud Kipchoge akaishusha rekodi palepale Berlin mwaka 2018 hadi 2:01:39. Hizo ni sekunde 78, yaani asilimia moja na ushee. Kelvin Kiptum naye, Chicago, Oktoba 2023, akatoka na 2:00:35. Ukitoa kwenye ya Kimetto unapata sekunde 142, hata asilimia mbili haijatimia. Hata kule Vienna mwaka 2019, Kipchoge alikopewa zamu kwa zamu za wawekakasi wa kumkinga upepo na muda wake wa 1:59:40 usihesabiwe kuwa rekodi, bado hakuifikia hiyo 1:58. Na katika hesabu yote hii nimekipa kiatu sifa zote, nikawanyima wanaume wenyewe hata sekunde moja, jambo ambalo ni dhuluma.

Turudi kwenye jaribio. Lilifanyika Chuo Kikuu cha Colorado, mjini Boulder, chini ya Wouter Hoogkamer na Rodger Kram, pamoja na watafiti wa Nike, na matokeo yakatoka mwishoni mwa 2017. Walichukuliwa wakimbiaji 18 wa kiume wanaomudu kilomita 10 kwa dakika kama 31. Mkimbiaji anapanda tredimili, ile mashine ya kukimbilia papo hapo, anafungiwa kifaa cha kukusanya pumzi, anakimbia dakika tano, anashuka, anabadilisha viatu, anapanda tena. Kutokana na oksijeni aliyoitumia na kaboni dayoksaidi aliyoitoa, nishati yake inakokotolewa. Viatu vilikuwa aina tatu: kielelezo cha Nike ambacho hakijaingia sokoni, Zoom Streak 6 ya Nike hao hao, na Adios Boost 2 ya Adidas, ndugu wa kiatu alichokivaa Kimetto siku ile ya Berlin. Kwa kuwa viatu havikulingana uzito, watafiti waliongeza vipande vidogo vya madini ya risasi kwenye vile vyepesi mpaka vyote vikawa sawa kwenye mizani. Kasi ilikuwa kilomita 14, 16, na 18 kwa saa.

Kasi hiyo iliwekwa na mashine. Katika jaribio zima hakuna aliyekwenda haraka zaidi kwa sababu ya kiatu, kwa kuwa hakuna aliyeruhusiwa. Kilichobadilika ni hewa iliyopita kwenye kile kifaa cha pumzi. Kwa wastani kielelezo kilipunguza matumizi ya nishati kwa asilimia nne, na kati ya wale 18 wapo waliopata chini ya asilimia mbili na wapo waliopita sita.

Uhusiano wa nishati na muda wa mbio ni swali jingine, na watu haohao wa Boulder walikuwa wamelishughulikia mwaka mmoja kabla, kwa ujanja unaonichekesha mpaka leo. Waliwapa wakimbiaji viatu vya kawaida, kisha wakaficha ndani yake vipande vya risasi, gramu 100 kwa kila kiatu au gramu 300, bila kuwaambia. Wakawapima kwenye tredimili, halafu wakawakimbiza mita 3,000 kwa ushindani. Kila gramu 100 iliongeza gharama ya nishati kwa asilimia 1.11 na kumchelewesha mtu kwa asilimia 0.78. Muda ulifuata nishati, ila kwa hatua fupi zaidi. Sababu mojawapo ni upepo: unavyozidi kuongeza kasi ndivyo hewa inavyozidi kukukaba, na juu ya tredimili hewa hiyo haipo.

Basi maabara ilikuwa inajua tofauti hii kabla kiatu hakijatoka. Tofauti ilipotelea njiani, na ninajua ilipotelea wapi: kwenye boksi. Mwaka 2017 Nike ilikiuza kiatu kilichotokana na kielelezo kile kwa dola 250, kwa jina Zoom Vaporfly 4%. Nambari ikawa jina, bila kusema ni ya kitu gani. Asilimia nne ya nishati? Ya kasi? Ya muda? Mnunuzi akajaza mwenyewe, na akajaza alichokitamani. Mwaka 2019 toleo lililofuata likaitwa Vaporfly Next%. Tarakimu ikaondoka, alama ya asilimia ikabaki, na hapo hata mtaalamu wa hesabu huna cha kumuuliza.

Ninakaa sana hapa kwa sababu kwenye makongamano tunahubiriwa kwamba utafiti na viwanda viunganishwe, na mfano unaotajwa haraka ni viatu hivi. Mfano unafaa. Lakini unasimuliwa kana kwamba profesa aligundua, kampuni ikanunua, mwanariadha akavaa. Haikuwa hivyo. Bamba la kaboni ndani ya soli lilishajaribiwa Chuo Kikuu cha Calgary, Kanada, ambako Roy na Stefanyshyn walichapisha mwaka 2006 kwamba soli ngumu kiasi huokoa nishati kwa karibu asilimia moja. Wazo likakaa zaidi ya miaka kumi bila kutikisa rekodi za marathoni. Kilichokosekana ni povu la kujaza soli. Povu la aina ya PEBA linatokana na plastiki ambayo imeuzwa kwa jina la Pebax tangu miaka ya 1980, siku hizi na kampuni ya Arkema ya Ufaransa, na ilikuwa ikitumika kwenye vitu kama viatu vya kuteleza kwenye theluji. Boulder walipolibana kwa mashine, kielelezo kilibonyea karibu mara mbili ya viatu vingine viwili, na kikarudisha asilimia 87 ya nishati iliyoingia. Adidas ilirudisha kama 76, Streak kama 66. Laini na wakati huohuo inarudisha: mambo mawili ambayo soli za zamani hazikuyapata pamoja.

Kwa hiyo nikisikia "kaboni ndiyo inayosukuma" naumia mara ya pili. Laura Healey na Hoogkamer, safari hii huko Massachusetts, walichukua Vaporfly wakalikata bamba lake kwa mikato ya kukatiza upana wa soli, kisha wakawapima watu kwa kiatu kizima na kilichokatwa. Tofauti ya nishati ilikuwa ndogo mno, chini ya asilimia moja, isiyotosha kusema kuna kitu. Haimaanishi bamba halina kazi. Huenda linalituliza povu lile laini na refu ili mguu usiyumbe. Ila "kiatu cha kaboni" ni jina la kiungo kimoja cha mchuzi, na si kile chenye ladha.

Kuna pia wanaoruka upande wa pili: wakisikia utafiti wa Boulder ulifadhiliwa na Nike, kwamba baadhi ya waandishi walikuwa waajiriwa wake na Kram alikuwa mshauri wake wa kulipwa, wanautupa wote jalalani. Hayo yameandikwa kwenye makala yenyewe, hayakufichwa. Na kielelezo kisichouzwa utakipata wapi kama si kwa anayekitengeneza? Dawa ya shaka hiyo ni watu wengine kununua kiatu dukani na kurudia kipimo. Walifanya hivyo. Barnes na Kilding walipata asilimia 4.2 dhidi ya kiatu cha Adidas. Hunter na wenzake, Utah, walipata 2.8. Zote ni namba za heshima, na hazilingani, kwa kuwa watu, kasi na kiatu cha kulinganishia havikuwa vilevile.

Shirikisho la riadha la dunia nalo liliingia. Januari 2020 lilitangaza kwamba soli ya kiatu cha barabarani isizidi milimita 40, bamba liwe moja tu, na kiatu kiwe kimekaa sokoni miezi minne kabla ya kuvaliwa mashindanoni. Sharti hili la mwisho baadaye lililegezwa, viatu vya majaribio vikaruhusiwa kwa muda maalumu. Watu walibishania milimita. Mimi naona lile la soko lilikuwa na uzito zaidi, maana kiatu kinachouzwa kila mtu anaweza kukipeleka maabara.

Kwetu Afrika Mashariki jambo hili lina historia ndefu kuliko kiatu. Mwaka 1990 Msweden Bengt Saltin na wenzake walikwenda Kenya kuwapima wakimbiaji, na walipowalinganisha na wa Skandinavia waliona uwezo wa juu wa kutumia oksijeni haukutofautiana sana. Tofauti iliyojitokeza ilikuwa kwenye gharama: kwa kasi ileile, Wakenya walitumia oksijeni kidogo. Uchumi wa mbio, basi, ulikuwa miguuni mwa watu wa Bonde la Ufa kabla haujawa biashara ya mtu yeyote. Na mwaka 2023, watafiti wakiongozwa na Melanie Knopp, aliyekuwa akifanya kazi Adidas, walichapisha vipimo vya Wakenya saba wa kiwango cha dunia na Wazungu saba wa ridhaa, kwa viatu vya kisasa na kiatu bapa cha zamani. Kati ya Wakenya, yupo aliyeokoa zaidi ya asilimia 11 kwenye kiatu fulani, na yupo aliyepoteza zaidi ya asilimia 11. Kupoteza! Mtu wa kiwango cha dunia, kiatu cha bei ya mbuzi kadhaa, na mwili wake unalipa zaidi. Ingekuwa vizuri utafiti huo ukabandikwa ukutani kwenye kila duka la viatu Iten na Eldoret.

Sisi wengine, tunaokimbia kujiburudisha, tuna hesabu yetu. Dustin Joubert na wenzake huko Texas waliwapima watu kwa mwendo wa kilomita 12 kwa saa, faida ya Vaporfly ikawa asilimia 1.4. Kwa kilomita 10 kwa saa ikawa 0.9, na baadhi walitumia nishati zaidi. Kilomita 10 kwa saa ni marathoni ya saa nne na dakika kumi na tatu hivi, mwendo ambao wengi wetu tunauombea dua. Ukiongeza kilima, Kram na wenzake waliona akiba inashuka kutoka karibu asilimia nne kwenye tambarare hadi chini ya tatu, kupanda na kushuka pia. Anayejiandaa kupanda kuelekea Mweka kwenye Kilimanjaro Marathon aiweke hiyo akilini kabla ya kufungua pochi.

Basi, ndugu muuzaji, sikuombi uache kuuza. Vikiwa halisi, viatu hivi ni kazi ya uhandisi ya kuheshimika, na wengi watafurahi navyo. Sema tu kwamba kwa wastani vinapunguza nishati ya kukimbia, na kwamba kiasi chake kinategemea mtu na mwendo wake. Mteja akikubana umwambie atapunguza dakika ngapi, mwambie hilo boksi halijui. Akimbie umbali uleule kwa kiatu chake na kwa hiki, siku tofauti, zaidi ya mara moja, aangalie saa.