Ukija Sanje, anzia msituni

Wageni wengi wakishuka kwenye gari pale Mang'ula, makao makuu ya hifadhi, huniuliza kwanza: "Mpaka kwenye maporomoko ya Sanje ni mwendo wa muda gani?" Siwalaumu. Picha zilizowaleta ni za maji meupe yanayoshuka kwenye mwamba, na hakuna anayesambaza picha ya majani yaliyooza. Mimi ni mtu wa misitu, nilisomea misitu kabla sijaanza kuongoza watu kwenye milima hii ya Udzungwa, kwa hiyo jibu langu huwaudhi kidogo. Njia nzima ya Sanje ni kama saa nne kwa mwendo wa kawaida, na ninaomba saa mbili za ziada kwa ajili ya kusimama.

Maporomoko ya Sanje yanashuka kwa ngazi tatu, jumla yake zaidi ya mita 170. Yamo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa, iliyoanzishwa mwaka 1992 na yenye ukubwa wa kilomita za mraba 1,990. Humo ndani hakuna barabara ya magari. Jirani yake Mikumi, mtu anaweza kumaliza siku nzima akiona tembo, simba na twiga bila kukanyaga ardhi, ila kushuka kujisaidia. Huku unatembea, basi. Ndiyo maana nasema kama ni lazima utembee, uione na njia yenyewe.

Kuna jambo ambalo mtu wa kawaida hajiulizi akiwa amesimama chini ya Sanje mwezi wa Oktoba. Masika yalikwisha Mei, vuli bado, bondeni Kilombero vumbi limetanda, na bado mto unamwaga maji masafi, ya baridi. Yanatoka wapi?

Yanaanzia baharini. Upepo wenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi unavuka nyanda za chini bila kizuizi kikubwa, kisha unakutana na ukuta huu wa mashariki wa milima. Unalazimika kupanda, unapoa, mvuke unakuwa wingu na wingu linakuwa mvua. Upande wa pili, kuelekea Iringa, ardhi ni kavu zaidi kwa sababu hewa inafika kule ikiwa imeshatua mzigo wake huku. Lakini mvua peke yake haikupi mto wa Oktoba. Mvua kubwa kwenye mteremko ulio wazi inakupa tope la Aprili na mawe makavu baadaye.

Msitu ndio unaochelewesha maji. Tone halifiki chini moja kwa moja. Linagonga jani la mti mrefu, linapasuka, linadondokea mti wa kati, linateleza kwenye shina, na likigusa ardhi halina nguvu tena ya kuichimba. Huwa nawasimamisha wageni mahali fulani nusu ya mlima, tunachuchumaa na kufukua kwa vidole. Juu kabisa kuna majani makavu ya mwaka huu, bado yanapasuka mkononi. Chini yake ni yale yaliyooza nusu, yameshikana kwa nyuzi nyeupe nyembamba za kuvu. Chini zaidi udongo ni mweusi, unanukia uyoga, na ukiufumbata unaacha unyevu kiganjani hata Septemba saa saba mchana. Maji yanayopita humo hutembea taratibu sana, wiki na miezi, hadi yakute mwamba na kutokea kama chemchemi. Sehemu kubwa ya maji unayoyapiga picha Oktoba ilinyesha zamani sana kabla hujanunua tiketi ya basi.

Anayetaka kuona kinyume chake aangalie mashamba ya mitiki huko bondeni. Ni miti, tena mingi, mirefu, imepangwa vizuri. Lakini jani la mtiki ni pana, linakusanya maji na kuyamwaga kwa matone makubwa, na chini hakuna mimea mingine ya kuyapokea. Mvua ikinyesha, udongo unaondoka. Sisemi mitiki isipandwe, watu wanahitaji mbao. Nasema tu kwamba mtu akikuambia "kote kuna miti, tofauti iko wapi," mpeleke akaangalie chini badala ya juu.

Udzungwa ni sehemu ya Milima ya Tao la Mashariki, mnyororo unaoanzia Milima ya Taita nchini Kenya na kupita Pare, Usambara, Uluguru hadi hapa. Kinachoitofautisha hapa ni kwamba msitu haujakatika: unapanda mfululizo kutoka kama mita 300 juu ya usawa wa bahari hadi zaidi ya 2,000. Ukianza Sanje uko kwenye joto, kati ya mivule na mikangazi. Kadiri unavyopanda miti inabadilika, makangaga yanaongezeka, na sauti nazo zinabadilika.

Sauti ndiyo iliyomfichua mnyama maarufu kuliko wote hapa. Mwaka 1979 watafiti wawili, Katherine Homewood na Alan Rodgers, walisikia mlio wa nyani wasiyemjua. Mwenyeji aliyekuwa nao hakushangaa: huyo ni ng'olaga. Sayansi ikampa hadhi ya aina mpya, mangabe wa Sanje, na hadi leo anajulikana kutoka misitu miwili tu duniani, wa Mwanihana na wa Mteremko wa Uzungwa, yote katika milima hii. Nikisoma mahali kwamba "aligunduliwa" 1979 huwa nacheka, maana wazee wa Sanje walikuwa wanamjua kwa jina. Kuna kundi lililozoeshwa watu kwa ajili ya utafiti. Ulizia langoni kama unaweza kupelekwa. Mbega mwekundu wa Udzungwa naye humtafuti, utamwona kwenye miti iliyo karibu na ofisi za Mang'ula akikutazama wewe unayelipia.

Habari ya kwale wa Udzungwa ninaipenda zaidi. Mwaka 1991 watafiti kutoka Denmark, wakiwa kambini msituni, waliona kwenye sufuria ya kitoweo miguu ya ndege ambaye hawakumtambua. Mwaka 1994 ndege huyo akaandikwa rasmi kuwa jenasi mpya kabisa, yaani kundi jipya la ndege wenye undugu wa karibu, na ndugu zake wa karibu wako Asia. Kwa hiyo ukitembea huku, usidhani kila kitu kimeshaorodheshwa.

Sasa tufike kwenye maji. Watu husimama mbele ya maporomoko na kutazama juu. Mimi nawaomba watazame pembeni. Maji yakianguka yanasukuma hewa mbele yake, hewa hiyo inabeba manyunyu na kuyapeleka kwenye kuta za mwamba usiku na mchana, mwaka mzima. Mahali manyunyu yanapofika pana mimea ambayo hatua kumi kutoka hapo hukuti hata mmoja: makangaga madogo yenye majani yanayopitisha mwanga, ukoga mzito wa kijani unaodondosha maji, na kwenye nyufa zenye kivuli ukibahatika utayakuta yale maua madogo ya zambarau ambayo dunia nzima inayapanda kwenye vyungu vya dirishani, asili yake ikiwa misitu ya Tanzania na Kenya. Ukanda huo ni mwembamba. Ukiuvuka kwa mguu ili upate pembe nzuri ya picha, umeuharibu kwa muda mrefu.

Jinsi ukanda kama huo unavyoweza kupotea kwa urahisi, tuliona Kihansi, upande wa kusini wa milima hiihii. Mwaka 1996 kwenye korongo la Mto Kihansi alipatikana chura wa rangi ya dhahabu, mwenye urefu wa kama sentimita mbili, anayezaa vichura vilivyokamilika badala ya kutaga mayai. Makazi yake yote duniani yalikuwa eneo la manyunyu chini ya maporomoko, hekta chache tu. Wakati huohuo bwawa la umeme la megawati 180 lilikuwa linajengwa juu yake. Mitambo ilipoanza kazi, kati ya 1999 na 2000, karibu asilimia 90 ya maji yalielekezwa kwenye mabomba, na manyunyu yakaisha. Vikawekwa vinyunyizio vya kutengeneza mvua ya bandia. Vyura kama 500 wakapelekwa Marekani, kwenye bustani ya wanyama ya Bronx, New York. Waliobaki wakaporomoka, ugonjwa wa kuvu wa ngozi nao ukachangia, na mwaka 2009 chura wa Kihansi akatangazwa kutoweka porini. Mwaka 2012 vizazi vya wale waliosafirishwa vilianza kurudishwa korongoni. Umeme tunauhitaji, na mimi naandika haya kwa kompyuta inayoutumia. Lakini tangu Kihansi siwezi kuyaona manyunyu ya maporomoko kuwa ni pambo.

Kwa hiyo kuogelea Sanje, kwenye bwawa la ngazi ya kati, ruksa na ni raha, ila sabuni hapana. Hata mafuta uliyojipaka asubuhi, ni heri usiyapake. Ngozi ya chura inanywa kila kilichomo majini.

Usalama nao una mambo yake. Jiwe jeusi linalong'aa ni utelezi mtupu hata likionekana kavu; lenye mabaka ya kijivu yaliyokakamaa linashika mguu. Mvua inaweza kunyesha kileleni ninyi mkiwa juani. Kabla ya kuingia majini nachagua jiwe moja ukingoni na kukumbuka maji yamelifikia wapi. Yakipanda hata upana wa vidole viwili, au yakianza kuleta majani na vijiti, au rangi ikaanza kuwa ya chai, nawatoa watu wote, na hatujadiliani. Mgeni mmoja aliwahi kuninunia hadi jioni kwa sababu hiyo. Alinuna akiwa mzima.

Kuhusu majira, Aprili usije kama hujazoea. Njia ni tope na mteremko hauna huruma. Juni ndiyo chaguo langu: maji bado mengi, mvua imekatika, hewa ya baridi kidogo. Septemba na Oktoba maji yanapungua lakini njia ni kavu na wanyama wanaonekana vizuri. Vaa suruali ndefu na soksi juu yake. Siafu wakivuka njia, vuka kwa kukimbia, usisimame kuwapiga picha. Upupu upo kwenye vichaka vya chini wakati wa kiangazi, na ukikugusa usijikune.

Kufika si kazi. Ukitokea Dar es Salaam unapita Morogoro hadi Mikumi mjini, unakunja kushoto njia ya Ifakara, unavuka Kidatu kwenye mashamba ya miwa, kisha unakutana na Sanje, Sonjo na mwisho Mang'ula. Hapo ndipo watu hukosea: wanashuka Sanje moja kwa moja. Usajili, malipo na mwongozaji ni Mang'ula makao makuu, halafu unarudi nyuma Sanje kwa gari au bodaboda. Malipo ni kwa namba ya malipo ya serikali, kwa hiyo hakikisha simu yako ina chaji na salio. Treni ya TAZARA nayo ina stesheni Mang'ula, na kama hujawahi kusafiri nayo, jaribu walau upande mmoja.

Wasioweza mlima wa Sanje wana njia ya Sonjo, fupi na yenye maporomoko mawili, na ile ya Prince Bernhard inayoanzia hapohapo makao makuu, inayofaa hata watoto. Wenye mapafu waende kilele cha Mwanihana, siku tatu na kulala usiku mbili msituni, wakiwa na askari kwa sababu kuna tembo na nyati.

Tembo hao hushuka pia mashambani. Karibu na Mang'ula wakulima wameweka uzio wa mizinga ya nyuki mpakani mwa hifadhi: mizinga imening'inizwa kwenye waya, tembo akiugusa yote inatikisika, na tembo anawaogopa nyuki. Omba upelekwe ukauone na ununue asali. Naomba hivi kwa sababu vijiji hivi vinaubeba msitu kwa gharama. Hadi mwaka 2011 akina mama waliruhusiwa kuingia kwa siku maalumu kuokota kuni kavu. Ruhusa hiyo ikafutwa, na tangu hapo kuni ni lazima zitoke kwingine. Mgeni anayelala kijijini, akala kwa mama ntilie na kuongozwa na kijana wa hapa, anarudisha sehemu ya kile ambacho msitu haukitoi tena.

Ukibaki na nusu siku, nenda Magombera, msitu wa tambarare uliozungukwa na miwa. Hapo kuna kinyonga aliyeandikwa rasmi mwaka 2009. Mtafiti Andrew Marshall alimkuta akiwa mdomoni mwa nyoka, nyoka akashtuka na kumwachia. Hakuna mlima wala maporomoko, njia ni nyepesi, na mbega ni wengi. Nenda asubuhi na mapema, kabla ya saa tatu, maana jua likishapanda bondeni wanyama wanaingia vivulini na utabaki na mbu.