"Noon" ilipokuwa saa tisa

Hivi karibuni nilikuwa nikisahihisha tafsiri za wanafunzi wangu hapa Mtwara, nikakuta mmoja wao, ambaye si mzembe hata kidogo, amesoma "saa ya tisa" katika Kiingereza cha zamani, akatoa sita kama tulivyomzoesha tangu shule ya msingi, akaandika "saa tatu". Kosa hilo lilinikumbusha neno "noon", ambalo leo ni saa sita mchana lakini kwa asili ni saa tisa.

Limetokana na Kilatini "nona hora", yaani saa ya tisa. Warumi waliugawa mchana katika saa 12, wakianza kuhesabu jua linapochomoza, kama tufanyavyo sisi. Tofauti ni kwamba saa zao zilirefuka na kufupika: mjini Roma, saa ya mchana ya Desemba ilikuwa kama dakika 45 za leo, na ya Juni kama dakika 75. Huku kwetu, nyuzi 10 tu kusini mwa ikweta, mvuvi wa Mikindani akisema saa kumi na mbili asubuhi humuulizi ni mwezi gani.

Watawa wa Kikristo walikuwa na sala ya saa hiyo ya tisa, na siku za kufunga hawakula hadi wakati wake ufike. Kati ya karne ya 12 na ya 14 neno likahamia saa sita. Wataalamu huhusisha mabadiliko hayo na kuwahishwa kwa sala au kwa mlo. Mimi, niliyeona jinsi alasiri ya Ramadhani inavyojikokota, naegemea upande wa mlo.

"Adhuhuri" na "alasiri" zetu, zilizotoka Kiarabu, hazikuhama hivyo, kwa kuwa adhana imezifunga kwenye kivuli. Hapa Mtwara kivuli huwa kifupi kuliko vyote mnamo saa 6:20, wala si saa sita kamili, na adhuhuri huingia hapo jua linapopinduka, saa ya ukutani iseme itakavyo.

Nilimrudishia mwanafunzi kazi yake pamoja na Marko 15:34, ambapo Biblia ya Kiswahili inasema "saa tisa". Msomaji wetu haongezi wala hapunguzi. Ni msomaji wa Kiingereza anayelazimika kupiga hesabu hadi aipate saa tatu yake ya alasiri.