Mita nne na ushee: hesabu iliyo nyuma ya ugomvi wa magari na baiskeli

Ugomvi wa dereva na mwendesha baiskeli huzungumzwa kama suala la tabia: huyu hana adabu, yule hana subira. Sisi tunaopima barabara tunaona kitu kingine kwanza, nacho ni upungufu wa sentimita. Njia nyingi za mjini zimechorwa kwa upana usiowatosha wawili hao wakiwa sambamba, kisha wakaachiwa wamalizane wenyewe.

Tupige hesabu. Gurudumu la baiskeli linatakiwa kuwa angalau nusu mita kutoka ukingoni, kwa sababu huko pembeni ndiko kwenye mifuniko ya chemba, changarawe, vipande vya chupa na lami iliyomeguka. Nusu ya usukani inaongeza sentimita 30. Nafasi ya kupitia, tuseme mita 1.5. Gari dogo pamoja na vioo vyake vya pembeni ni kama mita 2. Jumla ni mita 4.3. Sasa chukua futi kamba ukapime njia moja ya barabara ya mjini: mara nyingi utapata kati ya mita 3 na 3.5. Hata mwenye baiskeli ajibane vipi, anayetaka kumpita salama hana budi kuingia upande wa pili. Na ikiwa hana budi, basi atasubiri upande huo uwe mtupu, baiskeli iwe pembeni au katikati.

Ndiyo maana wenye uzoefu hukaa katikati ya njia kwenye sehemu nyembamba na wanapokaribia makutano. Dereva aliye nyuma huona ni kiburi. Kumbe anayefanya hivyo anazuia jaribio la kupenyeza gari mahali ambapo halienei. Kanuni za barabarani za Uingereza, zilivyorekebishwa mwaka 2022, zinalielekeza hilo waziwazi. Kuendesha wawili sambamba nako kuna mantiki hiyohiyo. Baiskeli kumi zikifuatana kwa kuachiana mita 2 hufanya msafara wa mita 36 hivi. Zikipangwa mbilimbili, msafara unashuka hadi mita 17, na muda ambao dereva anakaa upande wa pili unapungua karibu nusu.

Njia nyembamba kabisa si adui mkubwa. Adui ni ile yenye upana wa kudanganya, kati ya mita 3.2 na 3.9. Chini ya hapo dereva anaona mwenyewe kwamba hapiti. Juu ya hapo nafasi inaanza kukaribia kutosha. Hapo katikati anadhani anapita, na kioo chake kinapita sentimita 40 kutoka kwenye kiwiko cha mtu. Mwongozo wa usanifu uliotolewa Uingereza mwaka 2020 unakataa vipimo hivyo pale magari na baiskeli wanapochangia njia, na kwa maoni yangu ni moja ya sentensi zenye manufaa zaidi kuwahi kuandikwa kwenye fani hii. Visiwa vya kuvukia waenda kwa miguu huzua tatizo hilohilo ghafla: njia inabanwa kwa mita chache, na dereva anakanyaga mafuta ili awahi kabla ya baiskeli. Kisiwa kile kiliwekwa kwa nia njema, lakini kimezaa mbio.

Kuhusu ile mita 1.5: Ujerumani iliiandika kwenye kanuni zake mwaka 2020, mita 1.5 mjini na mita 2 nje ya mji. Ufaransa ni mita 1 mjini na 1.5 nje. Kipimo hiki hakikuokotwa. Baiskeli hainyooki kama mstari. Inajiyumbisha ili isianguke, na kadiri inavyokwenda polepole, hasa kupanda mlima, ndivyo inavyoyumba zaidi. Ongeza shimo la kukwepa na upepo wa lori, ambao humsukuma mtu nje kisha ukamvuta ndani. Kwa dereva kuna njia rahisi ya kupima bila futi: kwenye njia ya upana wa kawaida, ikiwa magurudumu yako yote manne bado yako upande uleule wa mstari na baiskeli, umembana.

Muda unaopotea ni mdogo kuliko unavyohisiwa. Kufuata baiskeli ya kilomita 18 kwa saa kwa mita 200 huchukua sekunde 40. Kwa kilomita 50 kwa saa ingekuwa sekunde 14. Tofauti ni sekunde 26, na taa nyekundu inayofuata huzifuta zote. Hasira haipimi sekunde, naelewa.

Mlango wa gari lililoegeshwa unastahili kuelezwa kwa kina, maana hapa wachoraji wa barabara hukosea sana. Mlango ukifunguka wote hufika karibu mita 1. Ukitaka ncha ya usukani iwe nje ya eneo hilo, gurudumu lako liwe mita 1.3 hadi 1.5 kutoka ubavuni mwa magari. Sasa chukua njia ya baiskeli ya mita 1.2, ichore kwa rangi iliyogusana na maegesho: karibu yote iko ndani ya eneo la milango. Mwenye akili anaendesha kwenye mstari wake wa nje au nje yake kabisa, na dereva anapiga honi akiuliza kwa nini haitumii njia aliyotengewa. Kinachofanya ajali hii iwe mbaya ni mwelekeo wa kuanguka. Mlango ukigonga ncha ya usukani, gurudumu la mbele hugeukia kwenye mlango na mtu anatupwa upande wa pili, yaani kwenye magari yanayopita. Dawa ya mchoraji ni kuacha ukanda mtupu wa sentimita 75 au zaidi kati ya maegesho na njia ya baiskeli. Dawa ya abiria na dereva haina gharama: fungua mlango kwa mkono ulio mbali nao. Kiwiliwili kinageuka chenyewe na macho yanaangukia kioo, kisha nyuma.

Makutano ndiyo yanayoua. Gari linaipita baiskeli, linapunguza mwendo na kukata kona kuelekea ukingoni, mbele ya baiskeli inayokwenda moja kwa moja. Kila mmoja anaamini ana haki. Njia ya baiskeli iliyochorwa ukingoni hadi kwenye mstari wa kusimamia huzidisha hatari hii, kwa sababu inamweka anayekwenda moja kwa moja upande wa ndani wa anayekata kona. Waholanzi wameitatua kwa zege: kisiwa kwenye kona kinalazimisha gari ligeuke kwa mwendo mdogo, na kivuko cha baiskeli kinasogezwa nyuma kama mita 5. Dereva anapofika hapo ameshamaliza kugeuka, anamwona mwenye baiskeli mbele ya kioo, na ana nafasi ya gari zima kusubiri bila kuwafungia njia walio nyuma yake.

Lori lina fizikia yake. Magurudumu ya nyuma hayafuati ya mbele, hukata ndani. Ili tela lisipande ukingo, dereva hulitupa lori nje kwanza, na upande wa ukingoni hubaki uwazi mkubwa unaoonekana kama mwaliko. Uwazi huo hufungwa ndani ya sekunde chache. Usiingie hapo, hata kama njia ya baiskeli imechorwa hapo. Kaa nyuma, au kama umeshatangulia, simama mbali mbele, kwani mita moja au mbili chini ya kioo cha mbele cha lori refu nazo hazionekani.

Kwenye gari dogo, mwizi wa macho ni ile nguzo ya pembeni ya kioo cha mbele. Baiskeli na gari zinazoelekea sehemu moja kwa mwendo usiobadilika hubaki kwenye pembe ileile, hivyo baiskeli inaweza kukaa nyuma ya nguzo hiyo mpaka dakika ya mwisho. Dereva anayesema hakumwona huenda anasema kweli. Anachoweza kufanya ni kusogeza kichwa mbele na nyuma kabla ya kuingia barabarani, badala ya kugeuza shingo tu. Mwenye baiskeli akibadilisha mwendo kidogo au akisogea katikati, anatoka kwenye pembe hiyo.

Kasi inaamua kama kosa litaishia kwenye matusi au hospitalini. Kwa sekunde 1 ya kushtuka na breki nzuri kwenye lami kavu, gari la kilomita 30 kwa saa husimama ndani ya mita 13 hivi. La kilomita 50 kwa saa, ndani ya sekunde hiyohiyo moja, limekwishakwenda karibu mita 14 na breki haijaanza kushika. Graz, Austria, ilishusha kikomo hadi kilomita 30 kwenye mitaa yake mingi mwaka 1992. Faida ya pili haisemwi sana: kwa mwendo huo gari halina haja kubwa ya kuipita baiskeli.

Limebaki lalamiko la madereva ambalo nalikubali kwa sehemu: kuvuka taa nyekundu. Kuna utovu wa nidhamu, sikatai. Lakini taa nyingi huhisi magari kwa waya uliozikwa chini ya lami, na baiskeli ina chuma kidogo mno kuuamsha. Mtu anasubiri mizunguko miwili, taa haibadiliki, anaondoka. Ukiwa kwenye baiskeli, tafuta mkato mwembamba uliozibwa kwenye lami, ambako waya huo umezikwa kwa umbo la mraba, upange magurudumu yote mawili juu ya mkato, si katikati ya mraba. Rimu za chuma au aluminiamu huhisiwa vizuri kuliko za kaboni. Ikishindikana, fundi wa taa anaweza kuongeza usikivu wa waya bila kuchimba chochote, ila akizidisha, taa itaanza kuitikia hata magari ya njia ya jirani. Hapo kinachofaa ni kitufe kando ya mstari wa kusimamia, kiwekwe mahali ambapo mkono unakifikia bila mtu kushuka kwenye siti.