Begum Rokeya, mwanamke aliyebishana kwa mzaha

Wanafunzi wanaokuja maktabani kwetu hapa Mombasa kutafuta waandishi wanawake wa enzi za ukoloni huanza na wa pwani yetu, na ni haki yao. Mimi huwaongezea mmoja wa ng'ambo ya Bahari ya Hindi: Rokeya Sakhawat Hossain, Mwislamu wa Bengal, aliyezaliwa 1880 kijijini Pairaband, leo Bangladesh, wakati huo chini ya Waingereza. Mtu aliyelelewa Mji wa Kale, akawasikia mabibi wakisimulia habari za utawa, yaani wanawake kukaa ndani wasionekane na wanaume wa nje, hahitaji maelezo mengi kumwelewa.

Kwao wasichana walisomeshwa Kurani basi. Kiingereza alifundishwa na kaka yake kwa siri, usiku, wazee wakishalala.

Mwaka 1905 alitoa hadithi fupi kwa Kiingereza, Sultana's Dream. Humo wanaume ndio waliotawishwa, na wanawake wanaendesha nchi: wanapikia joto la jua, wanavuna maji kutoka angani. Mwanamke mmoja anajigamba kwamba kazi yake huimaliza kwa saa mbili. Anaulizwa, mbona mahakimu hukaa kazini saa saba? Anapiga hesabu: sigara moja huchukua nusu saa, mtu akivuta 12 kwa siku, saa sita zimekwenda na moshi. Mume wa Rokeya alikuwa hakimu! Yasemekana aliisoma hadithi yote akiwa amesimama, akasema hicho ni kisasi kikali.

Wako wanaomchukulia Rokeya kama adui wa stara. Sikubali. Mwenyewe alijistiri, na aliandika makala ya kuitetea stara ya kiasi. Alichopinga ni kumfungia mtu ndani hata akose elimu na afya. Hapa kwetu Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui naye alihimiza elimu ya wasichana, na gazeti lake la Al-Islah lilianza 1932, mwaka aliofariki Rokeya. Sheikh alijenga hoja kama mwanachuoni; Rokeya aliwachekesha watu kwanza, kisha akawaacha na aibu yao.

Mfano mzuri ni kisa cha basi, katika Abarodhbasini, kitabu chake cha 1931 chenye visa vya wanawake waliotawishwa. Shule yake ya wasichana ilifunguliwa Calcutta mwaka 1911 ikiwa na wanafunzi wanane. Wazazi walitaka watoto wasionekane njiani, basi likazibwa kila upande. Ndani giza na joto. Wasichana wakatapika, wengine wakazimia. Madirisha yakafunguliwa, yakatiwa mapazia. Hapo zikaja barua za lawama: upepo unayapeperusha mapazia, hilo basi halina stara! Rokeya anasimulia yote bila kupandisha sauti, na msomaji hajui acheke au akasirike.

Anayetaka kumsoma aanze na Sultana's Dream. Ni kurasa chache, mwanafunzi wa sekondari huimaliza kwa kikao kimoja. Abarodhbasini ifuate, nayo imeshatafsiriwa kwa Kiingereza.